Ndege wa Kwao

Siku moja katikati ya Juni, Hyasinta alitoka nje alfajiri kuwasha moto wa jikoni akasikia sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu aolewe. Ilitoka shamba la ngano, nyuma ya miparachichi: mvumo uliochanganyika na milio midogo midogo, kama darasa la watoto mwalimu akiwa ametoka kidogo. Alisimama na kuni mkononi. Mara ngano yote ikatikisika, wingu la kahawia likainuka, likajikunja hewani kama shuka linalokung'utwa, likatua upande wa pili wa shamba.

"Kwelea," alisema peke yake. Na kwa kuwa alikuwa amefurahi kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake la utotoni likiitwa sokoni, akaongeza kwa sauti: "Ndege wa kwetu hawa."

Mama mkwe wake, Bertila, alikuwa mlangoni na kopo la maji ya kunawa uso. Alisikia maneno ya mwisho tu, na hayo yalimtosha.

Kwao Hyasinta kulikuwa Lupingu, ziwani, ambako watu hawajui sweta. Clemens alikutana naye Ludewa alipokwenda kupakia mahindi, akamleta hapa pembeni mwa Yakobi, akamnunulia sweta, akamwoa. Bertila alimpokea vizuri, ila hakuacha kumwita mtu wa joto. Kwa Bertila baridi ilikuwa mali. Alizisimulia Juni za zamani kama wengine wanavyosimulia ng'ombe wa baba zao: jinsi barafu ilivyolala juu ya majani mpaka jua lipande, jinsi mtu aliyechelewa kuamka alivyojulikana kwa midomo yake isiyopasuka. Miaka hii Juni ilikuwa inakuja na uvuguvugu ambao yeye aliuona kama aibu ya familia, haukuzungumzwa mbele ya wageni. Aliendelea kuvaa sweta zake mbili kama kawaida, akatokwa na jasho kwa heshima.

Clemens alirudi jioni kutoka Makambako, alikokuwa akipeleka viazi kila wiki. Mama yake hakumngoja anawe mikono.

"Ndege wa kwao mkeo wamefika," alimwambia.

Clemens alikwenda shambani, akasimama kidogo, akarudi, akala. Hakuuliza ni ndege gani.

&nbsp;

Ngano ile ndiyo iliyokuwa tegemeo la nyumba mwaka huo. Viazi vilioza ardhini kwa mvua zilizokataa kukatika, na vichache vilivyobaki ndivyo Clemens alivyokuwa akihangaika navyo Makambako. Sasa masuke yalikuwa yameanza kujaa maziwa, hatua ambayo kwelea wanaipenda kuliko zote. Ndege mmoja hali kitu. Shida ni kwamba hakuja mmoja.

Watu wa kitongoji hawakuwa na jina la ndege wale. Walikuwa na majina ya kunguru, ya kanga wa porini, ya mbayuwayu waliokuwa wakijenga chini ya paa la Bertila kila mwaka na ambao sasa walikuwa wameacha kuja bila kuaga. Kazi ya kuamia, yaani kufukuza ndege shambani, hawakuwa wameifanya, maana huku aliyekuja kula shamba alikuwa nyani au jirani. Hyasinta alimwomba mumewe ajenge dungu. Clemens akakata miti ya misonobari, akasimamisha jukwaa katikati ya ngano, na Hyasinta akapanda juu na debe na kipande cha chuma. Alipopiga debe, ndege waliruka upande wake wakaenda kula upande wa pili. Alipoteremka akaenda upande wa pili, walirudi walikotoka. Alikumbuka kwamba Lupingu kuamia ilikuwa kazi ya ukoo mzima, tangu bibi mpaka mtoto anayejifunza kutembea, na bado ndege walivuna kabla ya watu. Hilo hakulisema.

Bwana shamba alikuja kwa pikipiki. Alikuwa kijana mpole aitwaye Filbert, mwenye buti jipya. Alisimama ukingoni mwa shamba akatazama kwa muda mrefu, kisha akaeleza kwamba kwelea ni ndege wa nyanda za chini, za joto, na kwa kawaida hawafiki huku. Wakati anaeleza, mmoja wao alitua karibu na buti lake akaanza kubangua punje.

"Sasa huyu ni nani?" Bertila aliuliza.

Filbert alijikuna kisogo. Alisema atawaarifu wakubwa zake, lakini hakutaka kuwadanganya: hata akiaminiwa, sumu ya ndege hainyunyizwi karibu na nyumba na visima. Kisha akauliza, kwa nia njema kabisa, ni nani aliyewatambua. Bertila alimwonyesha Hyasinta kwa kidevu.

"Yeye anawajua. Ni wa kwao, Lupingu."

"Ahaa," alisema Filbert, akivaa kofia yake ya pikipiki. "Basi itakuwa wametoka huko chini."

Hakukusudia lolote. Lakini alikuwa mtu wa serikali, na neno la serikali likishatoka halina mwenye kulirudisha. Kabla ya jioni kitongoji kizima kilijua kwamba bwana shamba amekuja, amepima, na amethibitisha kwamba ndege ni wa kwao mke wa Clemens.

&nbsp;

Hakuna aliyemtukana. Bombani wanawake walimpisha, tena wakampisha kupita kiasi, mpaka akajikuta amesimama peke yake na ndoo yake mbele ya foleni, wengine wote wamerudi nyuma. Jirani yake Dorosela, ambaye ngano yake nayo ilikuwa imeliwa, alimsogelea akamwuliza kwa adabu kama kwao watu huzungumza na ndege.

"Hapana, dada," Hyasinta alijibu.

"Lakini ukiwasemesha, wanasikia?"

"Wangekuwa wanasikia, dada, ningekuwa nimepanda juu ya miti na debe tangu asubuhi?"

Dorosela alilifikiria jibu hilo, akaondoka nalo, na lilipofika mwisho wa njia lilikuwa limegeuka: mke wa Clemens amesema mwenyewe kwamba siku hizi hawamsikii tena.

Kanisani mwalimu wa kwaya alimwambia apumzike kidogo, kwa kuwa ana kazi nyingi shambani. Hyasinta alikuwa ameimba sauti ya kwanza katika kwaya ile miaka yote ya ndoa yake. Alimshukuru mwalimu kwa kumwonea huruma, akaenda kukaa benchi la nyuma, karibu na wageni. Binti yake Jackline alirudi kutoka shuleni akiuliza kama ni kweli mama alikuja na yai. Hyasinta alimwuliza yai gani. Jackline hakujua, aliambiwa yai tu.

Nyumbani Bertila hakumgombeza. Alianza tu kumwita "mgeni wangu".

&nbsp;

Jumapili baada ya ibada, baba mdogo Yoeli aliitisha kikao sebuleni. Yoeli alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Bertila, mzee wa kanisa, mtu asiyependa ugomvi, na kwa sababu hiyo migogoro yote ya ukoo ilipelekwa kwake ikamalizwa kwa hasara ya yule asiyekuwa na mtu. Palikuwa na chai na sinia la viazi vya kuchemsha.

Yoeli alianza kwa kusema kwamba hakuna anayemshtaki mtu. Alirudia baadaye, na tena kabla ya kunywa chai, na kila aliporudia Hyasinta alizidi kujiona mshtakiwa. Alisema wao ni Wakristo na mambo ya kurushiana ndege hawayaamini. Ila ndege wenyewe wanaonekana. Kwa hiyo, ili kila moyo utulie, ingekuwa vyema mama Jackline aende kwao akamlete baba yake, wazee wakae, kilicho cha watu kiombwe kirudi kwa watu. Na kama mzee hatakuja, basi mama Jackline apumzike huko huko kwao mpaka ngano ivunwe.

Hyasinta aliuliza kama na ngano iliyokwisha kuliwa nayo italetwa na baba yake. Alijibiwa kwamba huo si ulimi wa kikao.

Wote wakamgeukia Clemens. Clemens alikuwa anamenya kiazi. Alikimenya kwa uangalifu mkubwa, akatoa ganda, akatoa vidoa, akaendelea kutoa mpaka kilichobaki kilikuwa kidogo kuliko kilichotupwa.

"Clemens?" Yoeli alimwita.

"Wazee wameshasema, baba mdogo," alijibu.

&nbsp;

Kwao Hyasinta hakukuwa tena Lupingu. Jambo hilo lilijulikana, lakini ukoo wa mumewe haukulitilia maanani, kwa sababu ni rahisi kumlaumu mtu wa ziwani akiwa ziwani. Baba yake, mzee Nahumu, alikuwa amehamia Makambako kwa mwanawe Geofrey, fundi seremala, baada ya misimu mfululizo ya upepo usioeleweka na nyavu zilizotoka majini zikiwa na maji tu. Sasa aliuza dagaa wa Nyasa kwenye meza ndogo nje ya karakana ya Geofrey. Dagaa hao walivuliwa na wengine na kuletwa kwa lori. Yeye aliwapanga mafungu, akiwanunua kwa wenye lori na kuwauzia watu kile ambacho zamani alikuwa akiwagawia majirani bure.

Hyasinta alifika mchana, akaketi kwenye kigoda nyuma ya meza, akasimulia yote. Mzee alisikiliza akisawazisha mafungu.

"Ndege wangu," alisema mwishoni. "Mimi hata mtumbwi sina."

"Ndivyo wanavyosema, baba."

"Wale wapo hapa tangu mwaka juzi. Wametoka Usangu, mpunga ulipokauka kule bondeni. Walimaliza ulezi wa jirani yetu hapo nyuma ya reli. Mwaka jana wakarudi kumalizia." Alipunga mkono kufukuza nzi. "Kwani mumeo hakuwaambia? Aliwaona."

Hyasinta aliuliza ni mume gani.

"Una wangapi? Clemens. Alikuwa amekaa hapo hapo ulipokaa. Tukatoka wote kwenda kumsaidia jirani. Alirusha mawe mpaka akateguka bega."

Alilikumbuka bega lile. Alilikanda kwa maji ya moto jioni nyingi, na Clemens alimwambia ni gunia la viazi. Mteja akaja, akanusa dagaa, akalalamika kwamba ni wadogo, akanunua, akaondoka, na Hyasinta ndiye aliyemfungia kwenye gazeti, kwa sababu mikono yake ilihitaji kitu cha kufanya.

"Nitakwenda niwaambie," mzee alisema.

"Hapana, baba. Uje, lakini usiseme wewe. Nataka aseme mwenyewe."

"Na asiposema?"

"Nitarudi na wewe. Kwa Geofrey kuna nafasi?"

Mzee alifikiri. "Kitanda hakuna. Kuna mkeka."

"Mkeka unatosha," alisema Hyasinta.

&nbsp;

Mzee Nahumu alivaa koti la Geofrey, ambalo mikono yake ilimfunika vidole, akabeba dagaa kwenye mfuko kama mkwe anavyotakiwa. Bertila alimpokea kwa heshima zote, akampa kiti chenye mto na kikombe chenye kisahani, maana mkwe ni mkwe hata kama ndege wake wamekula shamba.

Yoeli alifungua kwa sala. Kisha akazunguka mbali, akataja hali ya hewa, akataja udugu, akafika polepole kwenye ndege na kumwomba mzee, kama ana lolote analoweza kufanya, alifanye.

"Nimeambiwa niwafuate ndege niwachukue," alisema Nahumu. "Nimekuja na mfuko huu mmoja. Sijui kama watatosha."

Hakuna aliyecheka. Bertila aliuliza kama huko kwao kuna namna yao ya kuwaita warudi. Mzee alijibu kwamba huko kwao walipiga madebe, wakamwomba Mungu, na ndege wakala. Na kama kungekuwa na namna ya kuwaita viumbe, yeye angeanza na samaki. Halafu akamgeukia Clemens, aliyekuwa amekaa karibu na mlango.

"Bega lako lilipona, mkwe?"

"Lilipona, baba," alijibu Clemens, akitazama sakafu.

Hyasinta alimtazama mumewe. Alingoja. Nje ndege walisikika wakihama upande mmoja wa shamba kwenda mwingine. Yoeli alingoja pia, bila kujua anangoja nini, kisha akaanza kuhitimisha: kwa kuwa mzee amesema hana uwezo, na kwa kuwa tunatafuta amani, basi mama Jackline apumzike kwa baba yake kwa muda. Hyasinta aliinuka, akaingia chumbani. Begi lilikuwa limekwisha fungwa tangu asubuhi. Alitoka nalo, akaliweka karibu na kiti cha baba yake, na Jackline, aliyekuwa ukumbini, alipoliona akauliza kama na yeye aende kuchukua nguo zake.

"Niliwaona Makambako," alisema Clemens.

Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei.

"Uliona nini?" Bertila aliuliza.

"Hao ndege, mama. Mwaka jana. Hawakutoka ziwani. Wametoka Usangu, wakapanda Makambako, sasa wamepanda huku. Niliwarushia mawe mimi mwenyewe."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshasema ni wa kwao."

Yoeli alikohoa, akasema kwamba kumbe jambo lilikuwa dogo, na tumshukuru Mungu aliyelifunua mapema. Sala yake ya kufunga ilikuwa ndefu kuliko kikao, na ndani yake aliwaombea wasafiri, wagonjwa, viongozi na wakulima. Jina la Hyasinta hakulitaja.

Wengine walipotoka, Bertila alibaki na mzee Nahumu na chai iliyopoa.

"Huko Usangu nako kuna joto?" alimwuliza.

"Kuliko ziwani."

"Na huku kwetu wamefuata nini?"

"Ngano, mama. Siku zote walikuwa wanaitaka. Baridi yenu ndiyo iliyokuwa inawazuia."

Bertila akavua sweta moja, akaikunja vizuri, akaiweka magotini, akauliza dagaa wale wanapikwaje.

&nbsp;

Asubuhi iliyofuata Bertila alichukua ndoo akaenda bombani, mahali ambapo hakuwa amekwenda kwa miaka kwa sababu alikuwa na mkwe wa kumtuma. Wanawake walimwamkia kamwene, salamu ya huku, wakashangaa, wakampisha. Alikinga maji mpaka yakajaa, akafunga bomba, akasema bila kumtazama yeyote kwamba wale ndege wametoka Usangu wakapitia Makambako, na mwanawe aliwaona kwa macho yake akanyamaza. Alisema kama mtu anayesoma tangazo la kanisa. Dorosela alimwuliza kama ana hakika. Bertila alijibu kwamba mwenye shaka akamwulize Clemens, yupo juu ya dungu. Akajitwisha ndoo, na kwa kuwa shingo ilikuwa imesahau kazi, alifika nyumbani na nusu ya maji. Hakumwambia Hyasinta alikotoka. Hyasinta aliona ndoo, akaona bega la mama mkwe lililolowa, akaenda kumletea kanga kavu.

Mzee Nahumu aliondoka siku hiyo na debe la viazi. Begi la Hyasinta lilibaki ukumbini. Hakulifungua, wala hakuna aliyethubutu kulisogeza. Likawa linazungukwa wakati wa kufagia.

Jioni alimkuta Clemens akipasua kuni.

"Na mama yako sina neno," alimwambia. "Yeye hakujua. Wewe ulijua."

Clemens aliweka shoka chini. Alisema aliogopa. Kama angesema ndege wapo Makambako, wangeuliza ni nani katika nyumba hii anayekwenda Makambako kila wiki. Wangesema wamekuja naye kwenye magunia.

"Kwa hiyo ukaona heri waje na mimi."

Clemens alitafuta shoka kwa macho kama vile jibu lilikuwa kwenye mpini. Hyasinta alimngojea kwa muda wa haki, kisha akachukua kuni alizozifuata, akaingia ndani.

Kwelea walikaa mpaka masuke yalipokauka. Mwalimu wa kwaya alimwita Hyasinta arudi mbele. Alijibu kwamba bado ana kazi nyingi shambani. Filbert alikuja tena, safari hii na mkubwa wake, wakapiga picha, wakasema jambo hili ni geni na linafuatiliwa. Kwa Dorosela hawakuvuna kitu. Kwa Clemens walijua watavuna kidogo, lakini kidogo hicho kilikuwa bado kimesimama, na Clemens alilala na kuamka juu ya dungu, akipiga debe mpaka viganja vikaota malengelenge.

Asubuhi moja, kuelekea mwisho, Hyasinta alimpelekea uji. Aliuweka chini ya dungu, akafunika kikombe kwa kisahani, akageuka kuondoka. Nyuma ya miparachichi wingu la kahawia lilikuwa linakuja.

"Hyasi," Clemens aliita kutoka juu. "Wanakuja."

"Nimewaona."

Alisimama kidogo, akiwa amelipa dungu mgongo. Halafu akaokota sufuria kuukuu lililokuwa limetupwa kando ya njia, akatafuta jiwe linaloenea mkononi, akapita katikati ya ngano mpaka ukingo wa mbali wa shamba, upande ambao debe la Clemens halikuwa linafika. Akaanza kupiga. Ndege waliotaka kutua kwake waliinuka wakaenda kwa mumewe. Mumewe akapiga, wakarudi kwake. Walipiga hivyo, kila mtu mwisho wake, mpaka jua likapanda na uji ukapoa.